Ngano Iliyochemshwa Haioti

Mjini Gorna Lipa, kando ya mto Dunav, mwanamke akinunua moyo wa nguruwe mara moja watu husema ana paka. Akinunua kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, hawasemi tena, wananong'ona. Mwalimu Bistra Mihova alinunua mioyo mpaka nguruwe wa wilaya nzima, wakimwona anapita njiani, walikuwa wanajishika kifua.

"Mwalimu," muuza nyama alimchokoza, "huo wako una kasoro gani hata kila mwezi ununue mwingine?"

"Wangu mzima kabisa," alijibu Bistra akihesabu sarafu zake. "Ila siwezi kuupasua mbele ya watoto."

Maana alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya pale, na hakuamini kwamba mtoto anajifunza kitu kwa kukisikia. Moyo ulipasuliwa mezani na watoto wakatia vidole mle ndani, kutoka chumba hadi chumba, kama wapangaji wanaotafuta nyumba. Mguu wa kuku ulivutwa mshipa, vidole vikakunjuka na kukunjika, na wasichana wakapiga yowe la furaha. Walitafuna mkate mkavu mpaka ukawa mtamu mdomoni, ndipo akawauliza huo utamu umetoka wapi, maana sukari hakuna aliyetia. Ngozi ya kitunguu waliitazama kwa hadubini moja ya darasa zima, kuukuu, yenye kioo kilichopasuka, na inasemekana mtoto mmoja aliona ndani yake nyumba ya nyanya yake, na nyanya mwenyewe dirishani akimwashiria arudi kula. Hayo yana wasemaji wake.

Na kila kazi ilikuwa na karatasi yake, aliyoiandika Bistra kwa mkono. Juu, swali: umeweka nini? Chini yake: unadhani kitatokea nini? Kisha nafasi kubwa kuliko zote: umeona nini? Pembeni, kwa wino mwekundu, maneno yale yale kila karatasi, kila mwaka: *Andika ulichokiona. Usiandike ulichokitaka.*

Watoto waliyacheka hayo maneno. Hawakujua yalipotoka.

Bistra alipokuwa mdogo, hata meno ya utotoni hayajang'oka, mama yake alifariki hospitalini. Shangazi Rada, dada wa baba yake, hakuwa na roho ya kumwambia. Akamwambia, "Mama amekwenda Sofia kukununulia viatu vyekundu." Basi mtoto akakaa kwenye ngazi ya nyumba na soksi zake safi, anangoja viatu.

Getini palikuwa pamebandikwa karatasi yenye picha ya mama, kama inavyobandikwa kwetu nyumba yoyote yenye msiba. Mtoto akauliza, "Shangazi, mbona mama yuko getini?"

"Ah, watu wakisafiri mbali hubandikwa picha, wasije wakasahaulika."

Bistra akatazama barabara nzima. Kila geti lina picha, kila mti una picha, hata kituo cha basi kina picha za watu. Akastaajabu sana. Kumbe nusu ya Gorna Lipa iko Sofia, inanunua viatu!

Njia ya mwongo ni fupi, ila hiyo ya shangazi iliendelea mpaka Bistra alipoanza shule. Ulipotimia mwaka wa msiba karatasi mpya ikabandikwa, na yeye sasa anazijua herufi. Alisimama getini peke yake, kidole juu ya karatasi, akasoma herufi moja moja, kwa sauti. Neno la kwanza ambalo Bistra alilisoma maishani bila mtu kumsaidia lilikuwa jina la mama yake. La pili lilikuwa "marehemu".

Hakulia. Aliingia ndani, akavua soksi, akamwambia shangazi, "Hakuna viatu." Tangu siku hiyo mpaka shangazi anazikwa, Bistra alimpikia, akamfulia, akamuuguza, lakini neno lolote la shangazi hakuliamini, hata akisema nje kunanyesha alikwenda kutazama.

Mtu aliyelelewa hivyo atafanya kazi gani nyingine? Aliolewa, mume akafa, watoto hawakujaliwa. Wakabaki watoto wa watu, na kwao aliweka nadhiri moja tu: hatamdanganya mtoto. Akiulizwa paka wa shule amekwenda wapi, anasema amegongwa na lori. Wazazi walilalamika. Watoto walimpenda kwa woga, kama mtu anavyompenda daktari wa meno asiyesema "haiumi".

Sasa njoo kwa Temenuga.

Temenuga alikuwa wa kidato cha kwanza, mwembamba, nywele zimesukwa na bibi yake kwa nguvu hata nyusi zimepanda juu kama mtu anayeshangaa daima. Mama yake, Svetla, alikuwa Uhispania akichuma stroberi, kama walivyo mama wengi wa huko kwetu; mji ule ulikuwa umebaki na mabibi, wajukuu na mbwa. Januari ile, baridi kali hata kuku wanataga mayai yaliyovaa sweta, Svetla alirudi. Alirudi ndani ya sanduku, basi lililobeba wachumaji limeanguka njiani. Bibi Tsona, mama yake Svetla, akamzika bintiye katika ardhi ngumu hata wachimba kaburi waliwasha moto kwanza juu yake ili iwakubalie.

Arobaini ikafika mwishoni mwa Februari. Bibi Tsona akachemsha ngano ya marehemu kama ilivyo ada, mpaka punje zikapasuka matumbo, akaitandaza juu ya kitambaa cheupe ikauke kabla ya kutiwa sukari na kokwa za jozi. Kanisani kila mtu akapewa kikombe kidogo, akala, akasema Mungu amrehemu. Na padri, mtu mwema mwenye ndevu za kufagilia, akaeleza kama wanavyoeleza mapadri: "Tunakula ngano kwa sababu punje hufukiwa ardhini, ikafa, kisha ikainuka. Ndivyo atakavyoinuka Svetla wetu."

Wakubwa wakafuta machozi, wakala ngano. Temenuga hakula. Alikuwa ameshachota gao moja kutoka kwenye kile kitambaa, kabla ya sukari, akalifunga kwenye leso.

Wiki ile ile Mwalimu Bistra alikuwa na somo lake la kila mwaka la kuota kwa mbegu. Kila mtoto alete ngano kidogo kutoka nyumbani; nusu mbichi, nusu aichemshe; visahani viwili vyenye pamba yenye maji, viwekwe dirishani juu ya bomba la joto; wajionee wenyewe ipi inaota.

Watoto wakaweka. Bistra akapita kati ya madawati akichungulia. Kwa Temenuga akasimama.

"Kisahani kimoja tu, mwanangu? Mbichi yako iko wapi?"

"Sikuleta, Mwalimu."

"Na hii?" Aliinama. Punje zilikuwa nene, zimepasuka matumbo, na zilinuka kwa mbali harufu ambayo kila mtu wa Gorna Lipa anaijua kabla hajaijua alfabeti. Bistra akaijua. Akatazama karatasi ya kazi. Kwenye *umeweka nini?* Temenuga alikuwa ameandika: *Ngano ya mama.* Kwenye *unadhani kitatokea nini?* alikuwa ameandika: *Itainuka. Padri kasema.*

Krum, aliyekaa nyuma yake, mtoto mwenye mdomo usio na mlango, akarefusha shingo akasoma. "Jamani! Temi amepanda uji!"

Darasa likacheka. Bistra akamgeukia Krum, na wanasema macho yake siku ile yaliweza kuchemsha ngano bila moto. "Krum, wewe ulichemsha ngano yako au uliilalia?"

"Nilichemsha, Mwalimu."

"Basi na wewe umepanda uji. Nyamaza."

Wakanyamaza. Hapo ndipo angesema. Mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka: ngano iliyochemshwa haioti, mwanangu, mche mdogo wa ndani umekwisha kufa. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watoto wengi hata akawa anayasema usingizini. Temenuga alikuwa anamtazama na zile nyusi zake za kushangaa.

"Haya," alisema Bistra. "Tutaona."

Neno "tutaona" si uongo. Bistra alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Siku zikaenda. Visahani vya ngano mbichi vikatoa vijimizizi vyeupe, kisha ncha za kijani, watoto wakazipima kwa rula wakigombana nani mwenye ndefu. Vya kuchemsha vikabaki vilivyo, vikaanza kuteleza na kuvunda, watoto wakaandika *hakuna kitu, inanuka*, wakavimwaga. Cha Temenuga kikabaki dirishani. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuja, akabadilisha maji taratibu, akainama juu ya kisahani kama mtu anayesikiliza mlango.

Zyumbyula, mfagizi wa shule, aliyekuwa na ulimi wa kufagilia kuliko fagio lake, akamwendea Bistra. "Dada, kile kisahani cha dirishani kimeota ndevu kama za padri. Nikimwage?"

"Usikiguse."

"Kinanuka, dada! Jana nilidhani mwalimu mkuu amefia ofisini kwake, nikafurahi bure."

"Nimesema usikiguse, Zyumbyula."

Jumatano Bibi Tsona mwenyewe akaja shuleni, kitambaa cheusi kichwani, chupa ya mtindi mkononi, maana mtu haendi kwa mwalimu mikono mitupu. Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Mwalimu, mtoto hali. Anakaa na lile koti la mama yake mapajani. Anasema ngano ikiota, mama atakuwa anaamka. Nimemwambia haiwezekani, ananijibu wewe bibi hukusoma. Ni kweli, sikusoma. Padri nimemwendea, akanizungushia maneno mpaka nikatoka nimesahau nilichofuata. Sasa nimekuja kwako."

"Unataka nifanye nini, Mama Tsona?"

"Mwambie. Mji mzima unajua wewe hujui kudanganya. Akisikia kwako ataamini, atalia, kilio kikiisha atakula. Mpaka leo hajalia, Mwalimu. Hata siku ya kaburi."

Bistra akatikisa kichwa huku na huku, ambako kwetu ndiko kusema ndiyo. Bibi Tsona akaacha mtindi, akaondoka.

Mchana ule, watoto walipotoka, Bistra akamwita Temenuga. Wakasimama wawili dirishani juu ya kisahani. Ukungu ulikuwa umefunika punje zote, mweusi huku, wa kijivu kule.

"Temenuga."

"Naam, Mwalimu."

Nje theluji ilikuwa inayeyuka, inadondoka kutoka kwenye paa. Mtoto alikuwa amevaa koti la mama yake. Mikono imemzidi, ameikunja mara mbili. Miguuni alikuwa na soksi nyeupe, safi, zilizovutwa mpaka magotini. Bistra aliziona zile soksi.

"Bado kidogo tu," alisema Bistra. "Nyingine huchelewa."

Hayo maneno yalimtoka kwa sauti ya Shangazi Rada, ile ile, laini ile ile. Aliisikia yeye mwenyewe. Temenuga alimtazama muda mrefu, akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake.

Mtu akishateleza kwenye barafu hasimami katikati. Ijumaa, shule imekwisha, Bistra akatoa kisahani kile dirishani. Akachukua kisahani chake mwenyewe cha mfano, ngano mbichi iliyoota vizuri, akachagua punje zilizochelewa, zenye kijimzizi kidogo tu cha aibu, ionekane ndiyo kwanza zinaanza. Akazipanga juu ya pamba mpya. Zile za mvundo akazifunga kwenye gazeti, na kwa kuwa chakula cha watu hakitupwi jalalani, akaenda nazo nyumbani akazikosha, akawamwagia kuku. Kuku wakazidonoa mpaka ya mwisho. Usiku ule alilala vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote baadaye.

Jumatatu alifika mapema kuliko Temenuga. Alitaka kuuona uso wake.

Temenuga akaingia, akaweka mfuko chini, akaenda dirishani. Akatazama. Hakuruka, hakupiga kelele. Alivuta kioo cha kukuzia kutoka mezani, akainama, akatazama tena, punje baada ya punje, kama alivyofundishwa. Akavuta karatasi yake ya kazi, akaandika chini ya *umeona nini?*, akaileta mpaka kwenye meza ya mwalimu, akaiweka.

*Zimeota. Matumbo hayajapasuka. Hizi si zangu.*

"Zangu ziko wapi, Mwalimu?"

Bistra alikuwa bado ana nafasi ya kudanganya. Lakini nguvu ya kufanya hivyo ilikuwa imemwishia, kama mshumaa.

"Nimewapa kuku," alisema.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Nisamehe. Nilitaka..."

"Zilikuwa za mwisho," alisema Temenuga. "Bibi aligawa sufuria lote. Zangu ndizo zilizobaki. Nilitaka nizirudishe kwa mama, kule juu." Kule juu ni makaburini, kwetu yako kilimani. "Nilijua hazitaota. Tangu siku zilipoanza kunuka nilijua. Bibi aliniambia, Krum aliniambia, hata Zyumbyula aliniambia. Lakini wote wale huwa wanasema tu. Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Mimi?"

"Ukisema wewe, basi ni kweli. Nilikuja kila asubuhi, uniambie. Nilisema moyoni, siku Mwalimu akiniambia, basi mama amekufa." Nyusi zake zikashuka, kwa mara ya kwanza zikashuka. "Sasa nitamuuliza nani?"

Ndipo akalia. Kilio ambacho bibi yake alikiombea kilikuja, lakini Bistra aliponyanyuka amshike, mtoto alirudi nyuma, akalia amejishikia dirisha. Bistra akabaki amesimama mikono imenyooka mbele yake, haina cha kushika. Wengine wakaanza kuingia darasani, wakakuta mwalimu na mwanafunzi wote wawili wanalia, kila mmoja upande wake, na Krum, mdomo usio na mlango, akavua kofia.

Bistra alimwambia, ndiyo. Siku ile ile, mbele ya wote, alisema: ngano iliyochemshwa haioti, na mama yako amekufa, Temenuga, na harudi. Temenuga aliandika kwenye karatasi yake alichoambiwa. Lakini aliandika kama mtu anayeandika bei ya nyanya. Toka hapo, mwalimu akisema moyo una vyumba vinne, mtoto yule aliuinamia moyo akahesabu mwenyewe. Akisema nje kunanyesha, alikwenda dirishani kutazama.

Bistra aliiona safari hiyo ya kutoka dawatini mpaka dirishani. Aliijua, alikuwa ameitembea yeye mwenyewe nyumba ya shangazi yake.

Mwisho wa mwaka wa masomo dada yake Svetla akaja kumchukua Temenuga, akaenda naye Uhispania. Temenuga hakuaga. Baada ya muda Bibi Tsona naye akapanda kilimani kumfuata bintiye, na pale getini pake pakabaki geti tu, hapana wa kubandika picha.

Bistra aliendelea kufundisha mpaka kustaafu. Kuku aliwagawa wote siku ile ile ya Jumatatu. Mji ukavumisha kwamba walikuwa wanataga mayai yenye harufu ya ubani, na kwamba mama mmoja alipovunja yai alisikia kwaya. Bistra hakucheka wala hakukanusha. Somo la ngano aliliendeleza, lakini neno lile "tutaona" hakulisema tena mbele ya mtoto yeyote.

Na kila mwaka, Februari inapokwisha, kwa kuwa nyumba ya Bibi Tsona haina tena mtu wa kumkumbuka Svetla, Bistra huchemsha sufuria la ngano, akaitandaza kwenye kitambaa cheupe. Huenda kwa yule anayechapa karatasi za msiba, akachapisha moja ya Svetla, akaibandika kwenye geti la Bibi Tsona kwa gundi yake mwenyewe, kisha akasimama pale na bakuli, akimpa kila apitaye.

Mwaka jana alipita mtoto wa jirani, wa umri wa kung'oka meno, wazazi wake wote wawili wako Ujerumani. Akasimama akaitazama picha.

"Bibi Bistra, huyu naye yuko mbali?"

"Hapana. Huyu amekufa."

"Atarudi lini?"

"Harudi."

Mtoto akaanza kutetemeka mdomo. Bistra akachuchumaa mbele yake, magoti yakilia, akasubiri. Hakumbembeleza kwa neno lolote. Alipokwisha kulia, akampa gao la ngano mkononi.

"Kula," alisema. "Halafu useme Mungu amrehemu Svetla."

Mtoto akala, akasema. Punje chache zikamponyoka zikaanguka kwenye matope. Bistra akainama na uzee wake wote, akaziokota moja moja, akazipangusa kwenye aproni yake, akazila yeye.